Kwenda kulikuwa rahisi: kwa nini Wahispania walihitaji miaka 44 kurudi kutoka Pasifiki

Mwalimu mmoja wa historia wa shule ya sekondari ameniuliza swali ambalo wanafunzi wake walimbana nalo darasani. Vitabu vinasema kwamba msafara wa Ferdinand Magellan uliivuka Bahari ya Pasifiki na kufika visiwa vya Ufilipino mwaka 1521, lakini vitabu hivyo hivyo vinasema kwamba biashara ya kudumu kati ya Mexico na Asia ilianza baada ya mwaka 1565. Anataka kujua Wahispania walikuwa wakifanya nini katika miaka hiyo 44: walikosa meli, walikosa fedha, au walipoteza hamu? Anauliza pia ni nani anayestahili kuitwa mgunduzi wa njia ya kurudi, Andrés de Urdaneta ambaye vitabu vingi vinamtaja, au Alonso de Arellano ambaye jina lake amelikuta mahali pengine.

Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa kiini cha safari zote za Wahispania wa karne ya 15 na ya 16. Meli walikuwa nazo, na fedha, ingawa hazikuwa nyingi, zilipatikana kila walipoazimia kutuma msafara. Walichokikosa ni upepo wa kuwarudisha. Nahodha aliyetoka pwani ya Mexico kuelekea magharibi alisukumwa na upepo hadi Asia hata kama hakuwa hodari sana. Lakini upepo ule ule uliompeleka ulimzuia kurudi. Safari ya kwenda tu haiwezi kuitwa njia ya biashara, kwa kuwa anayetoa mtaji wake uende ng'ambo anataka shehena imrudie.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu ya kulielewa jambo hili upesi, na pia tuna sababu ya kulikosea. Katika Bahari ya Hindi upepo hugeuka. Kaskazi ikivuma, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, majahazi yalishuka kutoka Arabuni na India hadi Mombasa, Unguja na Kilwa. Kusi ikishika, yalipandisha matanga na kurejea yalikotoka kwa njia ile ile. Kazi ya nahodha ilikuwa kujua majira na kusubiri. Ndiyo maana msomaji wa kwetu anaweza kudhani kwamba Wahispania nao wangekaa Ufilipino miezi michache na kungoja upepo ugeuke. Katika sehemu kubwa ya Pasifiki haugeuki. Kati ya ikweta na takriban nyuzi 30 kaskazini, pepo za mashariki huvuma kuelekea magharibi mwaka mzima, na mkondo wa maji hufuata upande huo huo. Kule unaweza kungoja mwaka mzima na upepo ukabaki ule ule.

Kusafiri dhidi ya upepo kwa kubisha, yaani kupanda kwa mishazari, sasa kulia, sasa kushoto, kulikuwa kunawezekana kwa siku chache katika maji ya karibu. Lakini meli kubwa za Wahispania zilitegemea zaidi matanga ya mraba, yanayofaa sana upepo ukiwa nyuma na yasiyosaidia sana ukiwa mbele. Na hata kwa chombo chenye tanga la pembetatu kama jahazi, kubisha maelfu ya maili kungemaliza maji ya kunywa kabla ya theluthi ya safari kwisha.

Tatizo la namna hii halikuwa geni kwao. Katika Atlantiki Wareno walikuwa wamelitatua katika karne ya 15, walipogundua kwamba meli inayotoka pwani ya Afrika Magharibi kurudi Lisbon hufika upesi zaidi ikilipa kisogo bara, ikaingia bahari kuu kuelekea kaskazini-magharibi, kisha ikazishika pepo za magharibi karibu na visiwa vya Azori. Pepo za bahari kuu ya kaskazini huzunguka kama gurudumu: upande wa kusini wa gurudumu hukupeleka magharibi, na upande wa kaskazini hukurudisha mashariki. Christopher Columbus, aliyewahi kuishi Ureno na kusafiri katika meli za Wareno, alilitumia gurudumu hilo kikamilifu. Mwaka 1492 aliteremka kwanza hadi Visiwa vya Kanari, akaondoka La Gomera tarehe 6 Septemba na kuona nchi kavu tarehe 12 Oktoba. Alipotaka kurudi, mwanzoni mwa mwaka 1493, hakushindana na upepo uliomleta bali alipanda kaskazini, akapata pepo za magharibi, akapita Azori na kuingia bandari ya Palos, Hispania, tarehe 15 Machi. Kwa maoni yangu, safari ile ya kurudi ilikuwa kazi ya ubaharia iliyo kubwa kuliko ya kwenda, ingawa wanafunzi hufundishwa kwenda peke yake.

Basi kwa nini walilijua gurudumu la Atlantiki tangu mapema, na la Pasifiki likawashinda kwa miaka 44? Sababu ya kwanza ni ukubwa. Hakuna aliyekuwa na kipimo cha kuaminika cha upana wa Pasifiki. Latitudo waliweza kuipima kwa jua na nyota, lakini longitudo kwenye bahari kuu haikupimika kwa uhakika hadi karne ya 18. Magellan mwenyewe alitoka kwenye mlango-bahari unaobeba jina lake tarehe 28 Novemba 1520 akitumaini kwamba Visiwa vya Maluku (leo sehemu ya Indonesia), vilivyokuwa na karafuu, haviko mbali. Alifika Guam tarehe 6 Machi 1521, baada ya siku 98, huku watu wake wakiwa wamefikia kula panya na ngozi za kufungia milingoti, na wengine wamekwisha kufa kwa kiseyeye.

Magellan alikuwa Mreno aliyehamia upande wa Hispania, na Asia hakuisoma kwenye ramani tu. Mwaka 1505 alikuwa katika msafara wa Francisco de Almeida, ule ule ulioishambulia Kilwa na kuichoma Mombasa, na kutoka hapo aliendelea hadi India na Malaka. Alijua karafuu zinatoka wapi na zinauzwa kwa bei gani. Kwa mkataba wa Tordesillas wa mwaka 1494, Ureno na Hispania zilikuwa zimegawana bahari kwa mstari uliochorwa katika Atlantiki, na njia ya kupitia Rasi ya Tumaini Jema ilikuwa upande wa Wareno. Hispania, ikitaka karafuu bila kuvunja mkataba, ililazimika kwenda kwa upande wa magharibi na kurudi kwa upande huo huo.

Magellan aliuawa katika kisiwa cha Mactan, Ufilipino, tarehe 27 Aprili 1521, na meli mbili zilizobaki kati ya tano zilifika Tidore katika Maluku mwezi Novemba. Hapo ndipo swali la wanafunzi wako lilipojitokeza kwa mara ya kwanza kama suala la uhai na kifo. Meli ya Victoria, chini ya Juan Sebastián Elcano, iliondoka Desemba kuelekea magharibi, yaani ndani ya maji ya Wareno. Elcano aliivuka Bahari ya Hindi kusini kabisa, mbali na bandari zote, na hakuthubutu kuingia Msumbiji wala bandari nyingine ya pwani yetu iliyokuwa na Wareno, ingawa chakula kilikuwa kimeoza na watu wakifa. Tarehe 6 Septemba 1522 aliingia Sanlúcar, Hispania, wakiwa watu 18 pamoja naye, na takriban tani 26 za karafuu. Zao hilo wakati huo liliota katika Visiwa vya Maluku tu. Unguja ililipata karne tatu baadaye.

Meli ya pili, Trinidad, ilikuwa ikivuja na ikabaki ikitengenezwa. Iliondoka Tidore tarehe 6 Aprili 1522 chini ya Gonzalo Gómez de Espinosa, na amri yake ilikuwa kuivuka Pasifiki kurudi upande wa Panama. Dunia inaikumbuka Victoria kwa sababu ilizunguka ulimwengu, lakini kwa anayetafuta njia ya biashara, Trinidad ndiyo ya kutazamwa kwa makini zaidi. Espinosa alipoona upepo unamzuia, alipanda kaskazini, na akaendelea kupanda hadi zaidi ya nyuzi 40. Alikuwa amefika kwenye latitudo sahihi. Lakini alikuwa na meli iliyochoka, watu wasio na nguo za baridi na chakula kinachoisha. Dhoruba ikawapiga, mabaharia zaidi ya nusu wakafa, naye akageuka. Aliporudi Maluku alikuta Wareno wamekwisha kufika, wakamkamata yeye na meli pamoja na karatasi zake. Ndiyo maana jaribio lililokaribia kufaulu halikuacha ramani ambayo Wahispania wengine wangeweza kuifuata.

Yaliyofuata yanaweza kusimuliwa kwa haraka, kwa kuwa yalirudia kosa moja. Mwaka 1525 msafara wa García Jofre de Loaísa wa meli 7 uliondoka A Coruña. Ilifika Maluku meli moja tu, na Loaísa na Elcano wote wawili walifariki njiani katika Pasifiki, wakipishana kwa siku chache, katikati ya mwaka 1526. Hernán Cortés naye, kutoka Mexico, alimtuma Álvaro de Saavedra mwishoni mwa mwaka 1527. Saavedra alifika Tidore mwezi Machi 1528, safari ya miezi mitano tu, na akajaribu kurudi mara mbili, mwaka 1528 na 1529. Mara zote mbili aliambaa na pwani ya kaskazini ya New Guinea kuelekea mashariki, dhidi ya upepo, na alipoanza kupanda kaskazini alikuwa amechelewa. Katika jaribio la pili alifia baharini, na meli ikarudi ilikotoka.

Mwaka huo huo wa 1529 mfalme Charles wa Tano, aliyekuwa na vita vya gharama kubwa Ulaya na hana njia ya kurudi kutoka Maluku, aliuza madai yake juu ya visiwa hivyo kwa Ureno kwa dukati 350,000 katika mkataba wa Zaragoza. Hapa Mwalimu unaweza kuwajibu wanafunzi wanaouliza kama Hispania ilipoteza hamu: ndiyo, kwa kiasi fulani, lakini hamu iliisha kwa sababu upepo ulikuwa umewashinda. Mtu hauzi haki ya kwenda mahali penye faida kubwa kama ana hakika ya kurudi nayo.

Jaribio la mwisho kabla ya ufumbuzi lilikuwa la Ruy López de Villalobos, aliyetoka Mexico mwaka 1542. Yeye ndiye aliyeleta jina la Filipinas, kwa heshima ya mwanamfalme Philip. Kutoka huko meli yake San Juan ilitumwa kurudi mwaka 1543 chini ya Bernardo de la Torre. Ilipanda kaskazini, lakini haikufika mbali vya kutosha, dhoruba ikairudisha. Mwaka 1545 Íñigo Ortiz de Retes alijaribu tena kupitia kusini, akakipa kisiwa cha New Guinea jina hilo, na hakufika mbali zaidi ya hapo.

Ukiyaweka majaribio haya matano kwenye ramani moja, utaona jambo ambalo wao, kila mmoja peke yake, hawakuweza kuliona. Waliopita kusini hawakuwa na nafasi kabisa. Waliopita kaskazini walikuwa sahihi kwa dira, lakini waliondoka katika mwezi usiofaa, au na meli mbovu, au waligeuka mapema. Ufumbuzi ulihitaji mambo mengi yakutane katika chombo kimoja: mwezi sahihi wa kuondoka, ujasiri wa kupanda hadi kwenye baridi, meli imara, na chakula cha miezi minne au zaidi. Aliyeyakutanisha alikuwa mtu aliyekuwa ameyaona mengi ya makosa hayo kwa macho yake.

Andrés de Urdaneta alizaliwa mwaka 1508 katika nchi ya Wabaski, kama Elcano, na alikuwa kijana wa miaka 17 alipopanda meli katika msafara wa Loaísa. Alibaki Maluku miaka mingi akipigana na Wareno, akijifunza lugha ya Kimalei na, lililo muhimu kwetu, akijifunza majira ya upepo kutoka kwa watu wa visiwani. Alipofika Lisbon mwaka 1536 Wareno walimnyang'anya karatasi na ramani zake, lakini alikuwa na kumbukumbu, na aliandika upya ripoti kwa ajili ya mfalme. Baadaye alihamia Mexico na, mwanzoni mwa miaka ya 1550, akawa mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino. Mwaka 1559 mfalme Philip wa Pili alimwandikia barua akimwomba, mtawa aliyekuwa amepita umri wa miaka 50, arudi baharini.

Msafara uliondoka bandari ya Navidad, Mexico, tarehe 21 Novemba 1564, ukiwa na meli nne chini ya Miguel López de Legazpi. Urdaneta alidhani wanaelekea New Guinea, kwa kuwa aliamini, na alikuwa sahihi, kwamba Ufilipino uko upande wa Wareno kwa mujibu wa mpaka uliowekwa na mkataba wa Zaragoza. Walipokuwa bahari kuu ikafunguliwa barua iliyotiwa lakiri, yenye amri ya kwenda Ufilipino. Hakufurahi, lakini aliendelea. Walifika Cebu mwishoni mwa Aprili 1565.

Tarehe 1 Juni 1565 meli ya San Pedro iliondoka Cebu kurudi Mexico. Nahodha alikuwa Felipe de Salcedo, mjukuu wa Legazpi, kijana mdogo. Lakini aliyeongoza njia alikuwa Urdaneta. Mwezi ule wa Juni ndio msingi wa hesabu yake yote. Nilisema kwamba katika sehemu kubwa ya Pasifiki upepo haugeuki. Lakini ukingo wake wa magharibi, kati ya Ufilipino na Japani, una tabia tofauti. Huko, kama kwetu, upepo wa majira hugeuka, na kuanzia takriban Juni hadi Septemba huvuma kutoka kusini-magharibi. Aliyekaa miaka mingi Maluku alilijua hilo. Kwa hiyo Urdaneta alitumia upepo wa majira kutoka katika visiwa na kupanda kaskazini-mashariki, akasaidiwa na mkondo wenye nguvu wa Kuroshio unaopita karibu na Japani, na aliendelea kupanda hadi karibu nyuzi 40, kwenye pepo za magharibi. Kwa maneno mengine, aliunganisha mifumo miwili: wa majira, ambao nahodha wa Unguja angeutambua mara moja, na wa gurudumu, ambao nahodha wa Lisbon angeutambua. Waliomtangulia walishika mmoja na kuukosa mwingine.

Mwezi Septemba waliona pwani ya California, wakateremka nayo kusini, wakapita Navidad na kuingia Acapulco tarehe 8 Oktoba, baada ya miezi minne na wiki moja. Rubani Esteban Rodríguez alikuwa amefariki siku chache kabla, na waliobaki na nguvu za kufanya kazi walikuwa wachache. Urdaneta ndiye aliyetaka waende Acapulco badala ya kuishia Navidad, kwa kuwa Acapulco ina ghuba yenye kina na kinga nzuri zaidi. Uamuzi huo nao ulidumu: kwa miaka 250, hadi mwaka 1815, meli za Manila ziliendelea kuingia Acapulco, zikileta hariri na vyombo vya kauri vya China na kurudi na fedha ya migodi ya Mexico na Peru. Safari ya kutoka Acapulco kwenda Manila ilichukua takriban miezi mitatu. Ya kurudi Acapulco mara nyingi ilikuwa kati ya minne na sita, na ilibaki ya hatari hadi mwisho. Nahodha aliyechelewa kuondoka Manila, Agosti ikapita, alijua anaweza kurudishwa na dhoruba kama de la Torre.

Sasa swali lako la pili. Katika meli nne za Legazpi kulikuwa na San Lucas, ndogo kuliko zote, chini ya Alonso de Arellano, na rubani wake alikuwa Lope Martín, mtu mwenye asili ya Afrika kutoka mji wa Lagos nchini Ureno. San Lucas ilitengana na msafara siku chache tu baada ya kuondoka Mexico. Arellano alidai kwamba hali ya hewa iliwatenganisha. Legazpi na watu wake walimtuhumu kutoroka. Vyovyote ilivyokuwa, San Lucas ilifika Mindanao peke yake, ikaondoka mwezi Aprili, ikapanda kaskazini hadi kupita nyuzi 40 na kuingia Navidad tarehe 9 Agosti 1565, miezi miwili kabla ya Urdaneta kufika Acapulco. Wa kwanza kukamilisha safari ya kwenda na kurudi ni wao, na haki ya jambo hilo ni ya rubani kuliko nahodha, kwa kuwa Lope Martín ndiye aliyejua kusoma anga na dira. Mwaka uliofuata alipewa kazi ya kuiongoza meli ya San Jerónimo kuelekea Ufilipino, akashiriki katika uasi ambamo nahodha aliuawa, na mwisho wake ni kuachwa na wenzake kisiwani, katika eneo la visiwa vya Marshall.

Hata hivyo, Mwalimu, vitabu vyako havikukosea vilipompa Urdaneta nafasi kubwa. San Lucas ilifaulu mara moja, kwa chombo kidogo na kwa tuhuma zilizofanya ripoti yake isiaminike. Urdaneta alirudi na meli kubwa yenye uwezo wa kubeba shehena, akiwa na njia iliyoandikwa kwa tarehe na latitudo, ambayo rubani mwingine angeweza kuichukua na kuifuata. Mwaka 1566 aliipeleka mwenyewe Hispania kwa mfalme, kisha akarudi Mexico na kufariki huko mwaka 1568. Darasani ningeyaandika majina yote matatu ubaoni: Lope Martín na Arellano kwa tarehe 9 Agosti, Urdaneta kwa tarehe 8 Oktoba, na ningewaambia wanafunzi kwamba meli za Manila zilifuata njia ya huyu wa mwisho.